Sinia Moja, Misimu Minne



Juma hili tunawaletea habari za jikoni kutoka Garissa. Sisi tunaoandika ni watu wa nyumba moja. Baadhi yetu tumezaliwa Lamu na Mombasa tukaletwa huku na ndoa, na wengine wamezaliwa hapa hapa, ukingo wa mashariki wa mto Tana, wala bahari hawajaiona ila mara moja au mbili. Mkuu wa nyumba yetu ni Ayeyo, ndilo neno Wasomali wanalomwitia bibi. Yeye alilelewa malishoni, nyuma ya ngamia na mbuzi, na mjini alihamia akiwa mtu mzima. Kwa hiyo katika jiko letu hukutana pwani na bara, nazi na samli, na mambo mengi tumeyajua kwa kukaa karibu na kuangalia mikono ya wenzetu.

Mgeni kutoka pwani anapofika Garissa hudhani kuwa huku kuna msimu mmoja tu, nao ni jua. Ni kweli kwamba mvua yetu ni haba. Katika mwaka mzuri hupatikana takribani milimita 300, na miaka mizuri haiji kwa zamu. Hata hivyo Ayeyo huhesabu misimu minne, kama nyinyi mnavyohesabu kaskazi na kusi, masika na vuli. Kwanza ni jilaal, kiangazi kikali cha kuanzia Januari hadi Machi, wakati kaskazi inapovuma huko kwenu. Kisha huja gu, ambayo ndiyo masika yetu, mvua inayotarajiwa tangu mwishoni mwa Machi hadi Mei. Baada yake ni hagaa, miezi ya upepo ya katikati ya mwaka, wakati wa kusi. Mwisho ni deyr, vuli ya kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kila msimu una chungu chake, na mwanamke wa huku huujua mwezi kwa kile kilichomo jikoni kabla ya kutazama kalenda ukutani.

Gu inapoitika, nchi hubadilika kwa siku chache. Miti iliyokuwa mikavu kama kuni huvaa majani, mifugo huzaa, na maziwa hujaa. Alfajiri maziwa ya ngamia huletwa mjini kwa magari na pikipiki, na wauzaji wake wengi ni wanawake, waliojifunga shuka na kujipanga mbele ya mitungi yao. Huo ndio wakati wa chai iliyokolea maziwa, wa anjera za moto zilizomiminiwa samli na kunyunyiziwa sukari, na wa susac, maziwa mgando ya ngamia. Mtu aliyezoea mtindi wa ng'ombe hushangaa kidogo anapoionja susac mara ya kwanza, kwa kuwa haigandi ikawa nzito. Hubaki nyepesi, chachu, yenye harufu ya moshi.

Harufu hiyo ya moshi hutoka katika chombo. Zamani, na hata leo kwa wachache, maziwa yaliwekwa ndani ya haan, chombo kinachosukwa na wanawake kwa nyuzi za mizizi na magome ya miti. Husukwa kwa kukazwa sana hata kisivuje tone. Kabla ya kutiwa maziwa, hutiwa makaa ya mti maalumu wenye harufu nzuri, kikafunikwa na kutikiswa, kisha majivu yakafutwa. Sisi wa pwani tulipoona jambo hili mara ya kwanza tulikumbuka tunavyofukiza nguo kwa udi. Lakini hapa moshi una kazi zaidi ya manukato, kwa kuwa huyafanya maziwa yadumu katika nchi ya joto na safari ndefu. Siku hizi mitungi ya plastiki imechukua nafasi ya haan. Ni mepesi, ni rahisi kununua, wala haidai miezi ya kusuka. Hatuwalaumu wanaoitumia, maana hata sisi tunayo. Ila Ayeyo ana haan moja aliyoisuka mama yake, nayo ameitundika juu ya kabati, na kila gu huishusha akaifukiza, apate walau chupa moja ya maziwa yenye ladha anayoikumbuka.

Mifugo inaponenepa ndipo pia tunapotengeneza nyirinyiri. Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa nyirinyiri usemi huu ni kweli tupu. Hii ni nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, hukaa miezi bila friji, na ndicho chakula cha msafiri, cha mzazi aliyejifungua, na cha mgeni aliyefika usiku wakati maduka yamefungwa. Kwa wale mnaopenda kuijaribu, sisi huitengeneza hivi.

Tunachukua kilo tatu za nyama ya ngamia isiyo na mafuta. Asiyepata ya ngamia atumie ya ng'ombe. Tunaikata vipande virefu vyembamba kama mikanda, tunaipaka chumvi, na kuianika juu ya kamba mahali penye jua na upepo, tukiifunika kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi. Ikikauka ngozi yake ya nje, na kwa jua la huku siku moja hutosha, tunaikatakata vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya mahindi. Kisha tunaikaanga katika mafuta mengi kwa moto wa wastani, tukikoroga bila kuchoka, mpaka maji yote yaishe na nyama ianze kulia chakacha inapogusana na mwiko. Hapo huipua na kuichuja. Pembeni tunayeyusha samli pamoja na iliki iliyotwangwa na kitunguu saumu kidogo, tunaichuja, na kuimimina juu ya nyama ndani ya chombo kikavu mpaka nyama izame. Siri yote iko katika ukavu: chombo kiwe kikavu, kijiko kiwe kikavu, na mkono usiingie humo kamwe. Tone moja la maji huharibu kazi ya siku mbili.

Msimu wa hagaa hauna mengi ya kupika, na kwa sababu hiyo ndio msimu wa mikono. Baada ya swala ya alasiri jua likishapoa, wanawake hukutana chini ya mwarobaini uani, kila mmoja na kazi yake. Kando ya mto Tana mikoma ni mingi, na wale waliozaliwa pwani walifurahi kukuta huku miyaa ile ile waliyoichambua utotoni. Tunasuka ukili kama kwetu, tunautia rangi, kisha tunaushona mikeka, makawa ya kufunikia chakula, na vipepeo vya jikoni. Ayeyo naye hutuonyesha ufundi wa kwao: jinsi magome ya mgunga yanavyolainishwa mpaka yakawa nyuzi, na jinsi nyuzi hizo zinavyosukwa mikeka mizito ya kuezekea nyumba ya wafugaji, ile inayobebwa juu ya ngamia wakati wa kuhama. Kwa desturi yao, msichana anapokaribia kuolewa, mama yake na jamaa zake wa kike ndio wanaomsukia mikeka ya nyumba yake. Binti huondoka kwa mama akiwa amebeba nyumba iliyotoka mikononi mwa mama.

Wajukuu wa Ayeyo wanasoma shule za mjini, wala hakuna atakayelala katika nyumba ya mikeka. Mmoja wao, aliye kidato cha pili, amejifunza kwetu kufuma kwa kulabu, naye hufuma kofia za uzi wa pamba kwa ajili ya ndugu zake na vitambaa vya kufunikia birika na vikombe. Siku moja alimwuliza bibi yake kwa nini ajichoshe kusuka mkeka wakati dukani ipo mikeka ya plastiki ya rangi zote. Ayeyo hakumkemea. Alimwambia, "Hooyo, mkeka wa dukani utakapochakaa utautupa. Huu ukichakaa, utajua pa kuanzia kuushona." Akina mama wa Kisomali huwaita watoto wao kwa jina lao wenyewe la umama, hooyo, na neno hilo humlainisha mtoto hata akiwa mbishi kiasi gani.

Wasomaji wapendwa, tumewasimulia neema ili mpate kuelewa dhiki. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa mwaka 2023, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Haikuwapo gu, haikuwapo deyr. Wazee walisema hawakumbuki ukame mrefu kama ule, na wataalamu wa hali ya hewa walisema ulikuwa mbaya kuliko wowote katika miaka 40. Katika kaunti kame za Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Tarakimu hiyo ni kubwa mno kuishika akilini. Sisi tuliiona kwa udogo wake, pale jamaa zetu wa upande wa Lagdera walipofika mlangoni bila hata mbuzi mmoja. Walikuwa mama mmoja, wakwe zake wawili na watoto sita. Mdogo kabisa alikuwa bado ananyonya.

Nyumba ya watu saba ikawa ya watu kumi na sita. Ramadhani ya mwaka 2022 iliingia mwanzoni mwa Aprili, wakati tulipokuwa tukitazamia gu, na gu haikuja. Debe la nyirinyiri lilikuwa tupu, kwa sababu akiba huwekwa wakati wa shibe, na shibe haikuwa imepita kwetu tangu mwaka wa kabla ya mwaka uliopita. Tulifuturu kwa tende na maji, uji, na sambusa za dengu badala ya nyama. Wali ulipikwa mara chache, na ulipopikwa ulitoka bila kitoweo, ukisindikizwa na ndizi mbivu, kama ilivyo ada ya huku kula wali kwa ndizi. Jirani zetu, ambao nao walikuwa na wageni wao, walituletea bakuli, nasi tukarudisha bakuli likiwa na kitu, hata kama ni tende tatu. Bakuli halirudishwi tupu.

Tunajua sote tulivyofunzwa na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, kwamba chakula cha wachache huwatosha walio wengi kuliko wao. Tulilisema hilo kila jioni, na tukaliona likitimia. Ila kulikuwa na jambo jingine tusilolisema.

Nyumbani kwetu chakula hupakuliwa katika masinia matatu: la wanaume, la watoto na la wanawake. Kwa mazoea, sinia la wanaume hutangulia, kisha la watoto, na wanawake hukusanyika mwisho kuzunguka kilichobaki sufuriani. Katika miaka ya neema hakuna anayeona kasoro, kwa sababu kilichobaki hutosha na huzidi. Ukame ulipokaza, kilichobaki kikawa ukoko. Hatukulalamika. Kila mmoja wetu alijifanya ameshiba kwa maji na tende, akamsogezea mwenzake tonge la mwisho, na mwenzake akalirudisha. Tuliiita hali hiyo subira, na huenda ilikuwa subira, lakini ilikuwa pia kuficha.

Aliyefichua alikuwa mtoto mchanga. Usiku mmoja alilia mpaka daku, akinyonya na kuacha, akinyonya na kuacha. Ayeyo alikaa kitandani akisikiliza. Asubuhi alimwita yule mama mwenye mtoto, akamwuliza jana alikula nini. Mama alitaja tende, akataja uji, kisha akanyamaza. Ayeyo akatuuliza sisi wengine, mmoja baada ya mwingine, nasi tukajikuta hatuwezi kumdanganya mtu mzima katika mwezi mtukufu.

Jioni ile Ayeyo aliingia jikoni, jambo ambalo alikuwa ameliacha kwa miaka kadhaa kwa ajili ya magoti yake. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi, akaamuru masinia yote matatu yapangwe mbele yake, akashika upawa mwenyewe. Alipakua kwa zamu, upawa mmoja huku, mmoja huku, mmoja huku, mpaka sufuria ikaisha. Sinia la wanaume lilipofika uani likiwa limepungua, mwanawe mkubwa alikuja mlangoni kuuliza kama kuna tatizo. Ayeyo akamweleza. Yule bwana aliinamisha kichwa. "Mama," alisema, "sisi tulidhani wao hula jikoni wakati wa kupika."

"Wamekula jikoni saa ngapi," Ayeyo alimjibu, "nao wamefunga kama wewe?"

Hakukuwa na ugomvi. Tunalisema hili kwa haki, kwa sababu waume zetu si watu wabaya. Walikuwa hawajui, na sisi ndio tuliowazoesha kutojua. Tangu jioni ile hadi Idi, mwanamume mmoja alikuja jikoni kila siku kabla ya magharibi kushuhudia kupakua na kubeba masinia. Yule mama anayenyonyesha aliongezewa kikombe cha maziwa, na kikombe hicho kilitoka katika hesabu ya chai ya wakubwa. Watoto walipoona masinia yanalingana, wakaacha kugombania ukingo. Mtoto mchanga hakunenepa kwa siku moja, lakini alianza kulala.

Mvua ilirudi Machi 2023, mwezi ule ule ambao Ramadhani nyingine iliingia. Jamaa zetu walikaa nasi mpaka hagaa, kisha wakaondoka pamoja na mbuzi wachache waliopata kwa michango ya ukoo. Muda wote wa kukaa kwao yule mama alikuwa akisuka ukili chini ya mwarobaini. Mikeka mingine aliiuza sokoni akanunua sukari na majani ya chai, akayaweka jikoni bila kusema neno. Mkeka wa mwisho hakuuuza. Alituachia, na ndio huo tunaotandika mpaka leo wakati wa kula. Mwisho wa mwaka ule ule deyr ilikuja kwa kishindo cha mafuriko, na mwaka 2024 gu nayo ikafurika. Tana ilivunja kingo zake, migomba ya mashamba ya kando ya mto ikalala majini, na barabara ya kwenda Nairobi ikakatika pale ng'ambo, Madogo. Kwa majuma kadhaa bidhaa zilipungua sokoni na bei zikapanda. Mara hii hatukungoja mtoto alie. Siku ya kwanza ya uhaba, masinia yalipangwa pamoja na upawa ukahesabu.

Tumeona tuwaandikie haya kwa sababu katika majarida yetu ya Kiislamu tunasifu sana kula pamoja, na sifa hiyo inastahili. Sinia huwafundisha watoto kusema Bismillahi, kula kwa mkono wa kulia, na kula cha mbele yao bila kuvamia cha wenzao. Lakini kula pamoja hakujatimia ikiwa aliyepika hamo katika hesabu. Baraka ya sinia ni ya wote wanaolizunguka, na yule aliyesimama mbele ya moto tangu adhuhuri ni wa kwanza kustahili kuketi.

Kwa hiyo, kutoka jikoni mwetu hadi majikoni mwenu, tunaomba mambo matatu mepesi. La kwanza, masinia yote yapakuliwe kwa wakati mmoja, na pakiwa na mjamzito, anayenyonyesha au mgonjwa, fungu lake litengwe kabla ya watu kuanza. La pili, watoto wa kiume waingie jikoni, wabebe, waoshe, na waone chakula kinavyogawanywa. Asiyeona sufuria ikiisha hawezi kujua nani amekosa. La tatu, msimu wa neema ukija msiumalize wote. Wekeni kitu, iwe ni nyirinyiri, samaki wa ng'onda, au achari ya maembe, na mwekeeni pia binti yenu ufundi mmoja wa mikono, ule mnaoujua nyinyi.

Tunapomaliza kuandika, Ayeyo ameketi uani na haan ya mama yake mapajani. Uzi wa mdomoni umelegea, na mjukuu wa kidato cha pili ameweka chini kulabu yake, anashikilia chombo ili bibi apate kuukaza. Mawingu yamekusanyika upande wa mto. Mwenyezi Mungu atuteremshie mvua ya manufaa isiyo na madhara, aziongezee barakoa za stara na riziki nyumba zetu na nyumba zenu, na ajaalie kila anayepika apate kushiba. Amin.